Chupa ya Ruu: Riyadh hadi Jeddah na Madam Odette

Wenzangu wa chumba cha Shumaisi, tangu nirudi kutoka Jeddah mmenikalia kooni. Mlioiona ile picha niliyotuma, nimeketi mbele ya gazeti lililojaa wadudu wekundu, shanga za zambarau shingoni, mnaniuliza nimeingia dini gani. Nimechoka kusimulia vipande vipande kila mmoja wenu anapotoka kazini. Naandika mara moja tu, msome, kisha mniache nilale. Mambo ya ruhusa ya kafili, tajiri aliyenileta, na karatasi za gari nayaruka, hayo mnayajua na hayana utamu wowote.

Kutoka Shumaisi

Madam Odette mnamjua kwa jina. Ni mwalimu katika shule ninayoendeshea basi, mama mtu mzima mwenye miwani mizito. Ana gari lake, lakini macho yake hayawezi tena jua la barabara ndefu. Ndiyo maana shule ilipofungwa aliniomba nimpeleke Jeddah kwa mdogo wake, Lucien.

Siku ya kwanza kumwona, zamani, nilimsalimia kwa Kiswahili nikidhani ni mtu wa Lamu: rangi ya chai ya maziwa, nywele za mawimbi, shingo ndefu. Wenye maduka nao humsemesha Kiarabu. Akisema ni Mmarekani wanamtazama upya kuanzia viatuni. Kwao ni Louisiana, kusini kabisa mwa Marekani, nchi ya mito na mabwawa. Mama yake ni Mkrioli, ukoo uliochanganya Waafrika waliopelekwa huko kwa nguvu, Wafaransa na Wahispania. Baba yake alikuwa Mkeijun, kizazi cha wale Wafaransa waliofukuzwa Kanada zamani wakaenda kuanza maisha kwenye mabwawa hayo hayo. Nilimuuliza, sasa wewe ni kabila gani?

"Yote hayo, mpenzi," akasema.

Hilo la "mpenzi" nusura liniangushe. Tulikuwa tukizungumza Kiingereza, nami hapa nakigeuza, lakini neno hilo hulisema kwa Kifaransa cha kwao, na humwita kila mtu: mimi, bawabu, hata askari wa barabarani. Nilimsihi kwa askari aache. Alisema kwao ndivyo mtu anavyosalimiwa, na kama askari hataki kupendwa hiyo ni shida ya askari.

Asubuhi ya safari nilikuta ametoa sufuria mlangoni. Sufuria gani hiyo! Ukimweka mtoto wa darasa la pili ndani na kumfunika, hutamwona. Ilikalia kiti chote cha nyuma. Kando yake kulikuwa na kapu la soseji za ng'ombe alizozikausha kwa moshi mwenyewe, maana za nguruwe walizozoea kwao hapa ni mafi, hakuna. Na mapajani, akiwa amekwisha kufunga mkanda, alikumbatia kitu kilichoviringwa kwa taulo.

Nilimuuliza kwa nini asipande ndege kama watu wenye mshahara. Akafunua taulo kidogo. Ilikuwa chupa kubwa ya jamu, na ndani yake uji mzito wa rangi ya udongo wa mtoni, mafuta yamepanda juu. "Hii," akasema, "uwanjani wataiita kitu cha majimaji na kuitupa. Nikiitia kwenye sanduku itapasuka."

Nikainusa. Ilikuwa harufu ya njugu zilizosahauliwa motoni.

"Madam, hii imeungua."

"Haijaungua. Hii ni ruu."

Basi akanifundisha. Unachukua unga wa ngano, unautia kwenye mafuta ya moto, unakoroga bila kupumzika mpaka unga uwe mwekundu, kisha kahawia, kisha rangi ya chokoleti. Hapo unapata ruu, na ruu ndiyo msingi wa gumbo, mchuzi wao mzito wa kuku, soseji na bamia. Nilisikiliza nikiwa nimeshika usukani na mdomo wazi. Kwetu ukifikisha unga rangi hiyo, unaufukia nyuma ya nyumba kabla mama hajarudi.

Gurudumu na pongezi

Tulikula mara ya kwanza kwenye kituo cha mafuta, mimi wali na kuku, yeye mayai. Akatoa mkobani chupa ndogo ya pilipili ya maji akayanyunyizia mayai mpaka yakawa mekundu. Kisha, bila kuniomba ruhusa, akanyunyizia na wali wangu. Nilikohoa mpaka Mpakistani wa kaunta akaniletea maji. Madam akasema nitazoea.

Alipouliza kwetu ni wapi nikamwambia Naivasha, penye ziwa. Akauliza ziwani kuna nini. Nikamtajia viboko, samaki, na wale wadudu wekundu wenye makucha, kama kamba wa baharini lakini wa maji baridi, wanaokata nyavu za watu. Nikamwambia wazee wetu husema hawakuwa wa ziwa letu, waliletwa zamani kutoka Amerika. Utotoni tuliwanasa kwa uzi na kipande cha utumbo, tukawachezea na kuwatupa. Kuwala, hapana. Wazungu wa hoteli ndio walikuwa wakiwala.

Madam aligeuka kitini hadi mkanda ukamkaba. "Hao ni wa kwetu! Mnawatupa?"

"Nyinyi mnawala?"

"Kwa gunia! Tunavunja mkia, tunakula nyama, kisha tunafyonza kichwa."

Nilitaka kusimamisha gari. Mwalimu, mtu mzima, mwenye miwani, anafyonza kichwa cha mdudu! Naye alinitazama kwa uchungu uleule, kana kwamba nimemwambia sisi Naivasha tunamwaga maziwa kwenye mtaro. Tukaenda kitambo kirefu kila mtu amemnunia mwenzake kwa niaba ya nchi yake.

Baada ya adhuhuri, katikati ya jangwa, gurudumu la nyuma likapasuka. Upepo ulikuwa ukipeleka mchanga barabarani na nati moja ilikataa kulegea. Nilikuwa nimelala chini nikitukana kwa Kikuyu wakati Hilux iliposimama. Akashuka mzee mmoja wa jangwani mwenye ndevu nyeupe, nyuma ya gari lake mbuzi wawili. Alinisukuma kando, akaikanyaga spana kwa mguu wa kandambili, nati ikalegea.

Kisha akachungulia ndani ya gari akaiona sufuria. Akapiga kofi la furaha. Aliniuliza jambo refu ambalo kwa Kiarabu changu cha "yalla" na "halas" nilishika neno moja tu, harusi. Harusi ya nani? Nilikuwa nimechoka, jua linanichoma, na sikuwa na maneno ya kumweleza bamia na ruu. Nikasema ndiyo, harusi.

"Mabruk! Mabruk!" Mzee alimgeukia Madam, mkono kifuani, akamwombea heri ndefu, kwa sauti, huku mbuzi wakilia. Akarudi garini kwake akaleta mfuko wa tende kwa ajili ya bibi harusi, akauweka juu ya sufuria kwa heshima.

"Anasema nini?" Madam akaniuliza.

"Anasema hongera kwa sherehe."

Madam Odette akabubujika machozi. Yalikuwa machozi ya mabega kutetemeka, chupa ameibana kifuani. Mzee akaridhika kabisa, alidhani ni furaha ya mama wa bibi harusi, akatupungia mkono na kuondoka. Mimi nilibaki na spana mkononi, nimeduwaa. Sikuuliza. Mwanamke mkubwa akilia namna ile, dereva haulizi.

Nyani wa Taif

Tulilala Taif. Asubuhi tukaanza kuteremka mlima wa Hada, ile barabara ya kona juu ya kona, na Madam akaomba tusimame kwenye maegesho atazame bonde. Nilimwonya kuhusu nyani. Akasema kwao wana mamba nyuma ya nyumba, nyani hawamtishi.

Sijui walitokea wapi. Nilifungua mlango wa nyuma nitoe maji ya kunywa, nikasikia kishindo juu ya paa, na kabla sijageuka mkono wenye manyoya ulikuwa umeshika kapu. Nilivuta huku, nyani akavuta kule. Kapu likachanika. Soseji zikatawanyika, na jamaa kumi wakashuka kutoka ukutani kama walioitwa kwa kipaza sauti. Kubwa lao lilipita mbele yangu limejivika soseji shingoni. Nililitupia kiatu, nalo likakichukua.

Nikapiga kelele, "Madam, nisaidie!" Madam alikuwa amejifungia garini, madirisha yamepandishwa, amekunjama juu ya ile chupa kama mtu anayekinga mtoto mvua.

Nilipoingia nilikuwa na kiatu kimoja na hasira za kutosha. "Chakula chote kimekwenda, na wewe umekumbatia mafuta yaliyoungua!"

Hakukasirika. Alivua miwani akaifuta, akaanza kusema huku akitazama nyani wakila.

Mama yake alikuwa amefariki wiki ile, huko Louisiana, usingizini. Lucien hakujua. Alikuwa amevunjika mguu kazini, mguu umefungwa vyuma, daktari amemkataza ndege, na Madam alimjua mdogo wake: akisikia kwa simu, angekwenda uwanjani akitambaa. Kwa hiyo aliwakataza ndugu wote kumwambia. Dada zao wamzike mama, yeye angekwenda Jeddah kumwambia Lucien kwa mdomo wake. Na ile ruu ilipikwa na mama yao mwenyewe. Aliituma sikukuu iliyopita na mtu aliyekuwa akija, ikafika nzima kwa bahati tu. Hakuna nyingine tena duniani.

"Kwetu nyumbani," akasema, "huwezi kumwambia mtu habari ya kifo akiwa na njaa. Anapikiwa kwanza. Anakula, anamaliza sahani, ndipo anaambiwa. Nataka ale gumbo ya Mama mara moja akiwa bado na Mama."

Nilishtuka, ndugu zangu, na safari hii si kwa sababu ya ugeni. Baba yangu alipokufa nilikuwa mbali, na nilipofika nyumbani shangazi alinikalisha akanilisha ugali na mboga mpaka nikamaliza, watu wote kimya wakinitazama. Sikujua kwamba hata watu wanaofyonza vichwa vya wadudu hufanya hivyo. Niliona haya kwa ukali wangu, nikamwomba radhi, na nikamkumbuka yule mzee na mabruk yake, nikaelewa Madam alilia nini.

Tukashuka. Kabla ya Makka tukashika ile njia yetu ya wasio Waislamu, tukazunguka, na muda wote sikukanyaga breki kwa nguvu hata mara moja.

Shanga na vichwa

Tulipofika Jeddah, chini ya nyumba ya Lucien, Madam akanikabidhi taulo na chupa yake. Lucien akiiona, alisema, atajua ni ya Mama, na atampigia simu pale pale kumshukuru. Niende nayo nitakakolala, niiweke kwenye friji, niilete kesho asubuhi. Nikaifungia garini kwanza, nikapanda naye.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mgonjwa. Mlango ulipofunguliwa nilikutana na kinanda. Lucien, jitu la ndevu, mguu mmoja umechomwa vyuma, alikuwa ameegemea gongo kwapani huku akivuta na kubana kinanda cha mkono kifuani, akiimba kwa Kifaransa, na jasho linamtoka. Alimbusu dada yake, akanibusu na mimi mashavu yote mawili. Nilisimama kama mti. Kisha akanivika shanga za plastiki za zambarau na kijani, za sherehe yao moja ya kabla ya Kwaresima, ambapo watu huvaa vinyago na kurushiana shanga barabarani. Nilimuuliza wanarushiana kwa ugomvi? Akacheka mpaka akakaa.

Mezani palitandikwa magazeti. Hakukuwa na sahani. Lucien akamwambia dada yake alete sufuria kutoka jikoni aimwage, na yote yakamwagika juu ya habari za jana: viazi, mahindi, vitunguu vizima, na wao. Wale wale! Wekundu, macho yametoka, makucha yameelekea kwangu. Lucien aliwapata kwa Mmisri wa soko la samaki, wameletwa wakiwa wamegandishwa kutoka Nile. Kumbe na huko walifika.

Nilisali kimoyomoyo. Madam alinionyesha, nikavunja, nikala mkia, na lazima niseme ukweli, ni mtamu. Lakini kichwa! Walinitazama wote wawili. Nikafumba macho nikafyonza. Pilipili ilinipanda puani, machozi yakanitoka, nao wakashangilia kama nimefunga bao. Hapo ndipo picha ilipigwa.

Lakini niliyekuwa nikimtazama ni Madam. Alicheka kila Lucien alipocheka, na alipogeuka, uso wake ulianguka. Lucien akaweka muziki kwenye simu, akacheza na gongo lake kuizunguka meza. "Kesho tumpigie Mama," akasema. "Siku nyingi sijamsikia."

"Simu yake imeharibika," Madam akajibu, akimenya kiazi.

"Tena? Nitamnunulia nyingine."

Nikainuka nikasema nina safari ya Kandara, ule mtaa wa hapo hapo Jeddah. Sikuweza kukaa pale.

Jokofu la Mama Shiru

Kandara nilifikia kwenye chumba cha vijana wetu, na ghorofa ya juu yake anakaa Mama Shiru, mtu wa Murang'a, ambaye hupikia Wakenya wa mtaa ule chapati na githeri. Mnamjua kwa sifa zake. Friji ya vijana ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilipanda kwake.

"Mama, niwekee hii hadi asubuhi. Ni ya madam wangu."

"Na hii ni nini, Kariuki?"

"Ni ya kupikia. Usiiangushe, tafadhali, nitauawa."

"Wee, mimi niangushe chupa ya mtu? Kaa ule kwanza."

Nilikula nikashuka kulala. Asubuhi alinikabidhi taulo imefuliwa, imekunjwa upya, chupa ndani, nzito vilevile, na tabasamu la mtu aliyetenda jema. Nilishukuru nikakimbia. Sikufunua. Ningefunua kwa nini?

Jikoni

Lucien alikuwa amepelekwa hospitali kusafishwa mguu, na Madam alikuwa jikoni, sufuria ile kubwa motoni, kuku amechemka. Alikuwa akikata vitunguu, pilipili hoho na seleri, ambavyo kwao huitwa Utatu Mtakatifu. Mimi, mtoto wa mzee wa kanisa, nilitazama mboga zile nikangoja radi. Akanawa mikono, akafunua taulo polepole kama anayefunua uso wa mtu aliyelala.

Chupa ilikuwa inang'aa. Ndani mlikuwa na samli safi ya njano.

Nikachukua simu, nikampigia Mama Shiru na kumweka kwenye spika, maana sikuwa na nguvu ya kulisikia jibu peke yangu.

"Kariuki! Madam amefurahi?" sauti ikajaa jikoni. "Ile mafuta ilikuwa imeungua kabisa, nikasema huyu mama amepikia watoto wa shule mpaka amesahau kumwaga. Nikamwaga, nikaosha chupa na majivu. Si unajua haturudishii mtu chombo tupu? Nikamwekea samli, ile poa ya Sudan."

Ndugu zangu, mama zetu wote wangefanya hivyo. Chombo cha mgeni huoshwa na kurudishwa na kitu ndani, chumvi, unga, chochote. Alitoa kitu chake kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Madam aliuliza anasema nini. Nilimwambia yote, sikuficha. Alifumba macho. Nilingoja anifukuze, au arushe chupa, na ningemwelewa.

"Mwambie asante," akasema. Kisha akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, miguu ameinyoosha kama msichana, na akakaa hivyo mpaka sufuria ikaanza kutema maji motoni.

Nilimzimia moto. Nilimuuliza kama anaweza kutengeneza nyingine. Akasema hajawahi katika maisha yake. Kwao anayekoroga ruu ya nyumba ni mmoja mpaka afe, na wengine hungoja zamu yao, naye alikuwa amengoja mpaka mvi zikaota. Aliwahi kutazama tu.

"Basi zamu imefika," nikamwambia. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo.

Akajiinua kutoka sakafuni. "Nipe unga," akasema.

Tukatumia samli ya Mama Shiru. Ya kwanza iliungua kweli: Lucien alipiga simu kusema bado anangoja daktari, Madam akageuka kidogo tu, vikatokea vidoa vyeusi, tukamwaga. Ya pili mkono wake ukachoka akanipa mwiko. "Usisimame, hata ukiwashwa pua." Nikakoroga. Ugali ni kazi, lakini ugali hukuambia ukiiva. Hii ilinyamaza tu ikibadilika rangi, ya mchanga, ya ngozi yangu, ya kahawa, na jikoni pakajaa ile harufu ya njugu.

"Madam, inaungua!"

"Bado."

"Madam!"

"Bado, mpenzi... Sasa!" Akaimwagia Utatu Mtakatifu, mvuke ukapanda mpaka darini, naye akawa anacheka na kulia kwa pamoja.

Lucien alipofika gumbo ilikuwa imetulia. Madam akamketisha, akampakulia wali katikati ya sahani ya kina, akaumiminia mchuzi mweusi wenye kuku na bamia, kisha, kwa mshtuko wangu wa mwisho wa mapishi, akadondosha kijiko cha saladi ya viazi baridi katikati ya mchuzi wa moto. Lucien alisugua mikono.

"Mama alituma ruu?"

"Kula, Lucien."

Alitia kijiko mdomoni. Nilimwona akiacha kutafuna. Akakiweka kijiko kando ya sahani taratibu, akamtazama dada yake.

"Hii umepika wewe."

"Ndiyo."

"Na ruu?"

"Na ruu. Ni mimi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuweza kutoka wala kuingia. Lile jitu lililocheza jana na gongo lilibadilika mbele yangu, mabega yakashuka, mikono ikalala mezani.

"Lini?" akauliza.

"Kula kwanza."

Nilidhani atapindua meza. Mimi ningeipindua. Akashika kijiko. Akala kuku, akala wali, akala bamia, akala kile kiazi, machozi yakiteremka ndevuni bila kuyafuta, na Madam amekaa mbele yake mikono mapajani, akihesabu kila tonge kwa macho. Alipofika chini alikwangua sahani mpaka ikalia. Akaisukuma katikati ya meza, nyeupe, haina kitu.

"Nimemaliza," akasema. "Sasa niambie."